Daktari akikwambia pasenti 90, muulize ya nini

Mjomba wangu aliendesha lori zaidi ya miaka thelathini, Mombasa, Kampala, Juba, kurudi, na alikua anakula chakula cha watu wawili. Kwa hiyo siku alipoacha posho (ugali) katikati ya sahani pale nyumbani Busia (Busia yetu, upande wa Uganda) akasema inakwama kifuani, mama yangu ndio wa kwanza kuogopa. Wiki chache baadae ikawa uji tu, alafu uji mwepesi, alafu ata maji yakawa yanarudi. Tukampeleka akaingizwa ile kamera ya kooni, jibu likaja: kansa ya umio. Nilipokuja kusoma nikajua huu ugonjwa uko mwingi ukanda wetu huu, kuanzia Ethiopia huko ukishuka mpaka Afrika Kusini, na wengi wanafika hospitali umeshakwenda mbali, sababu mtu akikwamwa na nyama anasema ni vidonda vya tumbo, anakunywa maziwa, anangoja.

Daktari, kijana mpole, alituambia tukiwa tumesimama kwenye korido kwamba mzee anaweza kuwekewa stenti, yani kale kamrija ka wavu wa chuma kanakoingizwa kimekunjwa alafu kanafunguka ndani ya umio na kuachia chakula njia, na kwamba hiyo kazi inafaulu zaidi ya pasenti 90. Nilikua pale, nimesikia kwa masikio yangu. Shangazi wa Tororo aliinua mikono juu akasema alhamdulillahi. Kufika magharibi grupu ya WhatsApp ya familia imejaa, mjomba atapona, ni pasenti 90, tuchange haraka, na binamu aliyeko Dubai ameshatuma laki tano kwa mobaili mani.

Daktari hakudanganya, na sisi hatukua viziwi. Ile 90 ilikua ni ya stenti kufika mahali pake na kufunguka, basi. Kansa yenyewe haikuwemo kwenye hiyo hesabu ata kidogo. Ni kama fundi wa bomba akikwambia kazi imefaulu, maana yake maji yanatoka, kama hayo maji yana kipindupindu sio kazi yake na hakuulizwa.

Nimekua nikifikiria hilo neno "kufaulu" tangu siku ile, na kadiri ninavyoongea na watu waliouguza ndio naona kila mtu amewahi kuangukia shimo hilo hilo. Kwa mpasuaji kufaulu mara nyingi ni mgonjwa kutoka chumba cha upasuaji akiwa hai na kile alichoenda kukitoa kimetoka. Kwa daktari wa kemo kuna neno lao, wanasema uvimbe "umeitikia" dawa, yani umepungua kwa kiasi fulani kwenye skani, na uvimbe unaweza kupungua vizuri tu alafu mtu asiishi siku nyingi zaidi ya yule ambaye wake haukupungua, hivo ni vitu viwili. Alafu kuna ile ya "kuishi miaka mitano". Aliyefika miaka mitano na mwezi mmoja akafariki anahesabiwa amefaulu, na anayeishi na ugonjwa bado mwilini, akiwa kitandani, nae pia amefaulu. Wewe uliyekaa kwenye benchi umeshika bahasha ya skani, kufaulu kwako ni nini? Kupona kabisa? Kufika harusi ya binti mwezi wa kumi na mbili? Kutembea mwenyewe mpaka choo? Usipolisema hilo kwa mdomo wako, daktari atatumia maana yake yeye, na sio kosa lake.

Swali la pili ni pasenti ya nani. Watu wetu wanasema "kansa" kama vile ni mtu mmoja anayetembea mji kwa mji. Pale Mulago, hospitali kuu ya Kampala, kuna historia nzuri sana ya jambo hili na nashangaa shuleni hatukuambiwa. Mwaka 1958 mpasuaji mmoja aliyekua akifanya kazi pale, Denis Burkitt, mzaliwa wa Ireland, aliandika kuhusu uvimbe wa taya ulioshika watoto wa huku kwetu. Kisu hakikusaidia sana, unakata hapa unatokea kule. Lakini miaka ya 60 ikaonekana dawa za kemo zinauyeyusha ule uvimbe, mtoto taya limevimba kama embe linarudi kawaida, na baadhi wakapona moja kwa moja, na Taasisi ya Kansa ya Uganda iliyofunguliwa 1967 ilianzia hapo hapo, kwenye kutibu hao watoto. Sasa chukua mtoto wa hivo na umuweke karibu na mjomba wangu mwenye miaka 68 ambaye skani imeonyesha ugonjwa umeshafika kwenye ini. Wote wana "kansa". Pasenti ya mmoja haimhusu mwenzake kabisa, ni kama kuuliza nauli ya kwenda Jinja ukapewa ya kwenda Juba.

Na ata ugonjwa ukiwa ule ule, kuna suala la mahali. Namba nyingi anazotoa daktari zimetoka kwenye utafiti uliofanyika ambako mgonjwa anapigiwa simu akikosa kliniki na mashine inawaka kila siku. Sisi tunakumbuka 2016 mashine ya mionzi ya Mulago, iliyokua ndio pekee nchini, ilipoharibika moja kwa moja, na mpya kuzinduliwa ikawa mwanzoni mwa 2018. Aliyekua anahitaji mionzi kipindi kile, namba ya kwenye kitabu ilimsaidia nini? Hiyo ni mfano mkubwa lakini midogo iko kila siku, dawa imeisha wiki mbili, nauli ya kutoka Moroto haipo, mgonjwa anakata dozi ya tatu anarudi shamba sababu ni msimu wa kupanda. Kwa hiyo pasenti ya kwenye utafiti mimi siku hizi naichukulia kama bei ya dukani kabla ya kuongeza usafiri.

Sasa hapa ndio panachanganya watu wengi, ata waliosoma, kwa hiyo naomba twende pole pole. Kuna namba inayosema dawa "imepunguza vifo kwa pasenti fulani", na kuna namba inayosema kati ya watu mia dawa imeokoa wangapi. Zinafanana kwa masikio tu. Chukua malaria kali ya watoto, kitu ambacho kila nyumba huku inakijua. Zamani ilikua kwinini ya mshipa. Mwaka 2010 yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa uliofanyika nchi tisa za Afrika, Mbarara ikiwemo, watoto 5,425, nusu wakapewa kwinini nusu dawa mpya, artesuneti. Waliopewa kwinini walifariki 10.9 katika kila mia, wa artesuneti 8.5. Ukitaka namba ya kutangaza redioni utasema artesuneti inapunguza vifo kwa pasenti 22.5, na ni kweli, sababu unaanzia kwenye wale ambao wangekufa. Lakini ukianzia kwenye watoto wote walioingia wodini, tofauti ni 2.4 katika mia. Weka watoto elfu moja uwanjani: na kwinini wanafariki 109, na artesuneti 85. Wameokoka 24. Au uiseme kwa njia nyingine, inabidi utibu kama watoto 42 na dawa mpya ili mmoja ambaye angekufa asife, hao wengine 41 wangeishi tu kwa dawa yoyote kati ya hizo mbili au wangefariki tu kwa yoyote.

Kwa hiyo jirani akikwambia "mimi wangu alipona kwa kwinini" usimbishie, anasema ukweli, kama tisa katika kumi walipona. Ndio maana ushuhuda wa mtu mmoja hauwezi kukuonyesha dawa gani ni bora, tofauti ya 2.4 katika mia haionekani kwa macho ya mtaa mmoja, inahitaji watoto elfu tano na mtu wa kuhesabu.

Je 2.4 ni ndogo? Hapa ndio watu wanakosea upande wa pili, wakishajua kuna namba kubwa na namba ndogo wanaanza kudharau ile ndogo. Kwa malaria sio ndogo ata kidogo, watoto ni wengi mno, dawa ni ya siku chache na bei yake sio ya kuuza ng'ombe, na haikua na madhara makubwa kuliko ile ya zamani. Lakini hebu chukua hiyo hiyo 2.4 uiweke kwenye tiba ya kuuza kibanja, yani kipande chako cha ardhi, ya kutapika miezi sita, ya kulala Kampala mbali na wajukuu. Namba haijabadilika ila uamuzi unabadilika. Mizani ina pande mbili, na daktari kwa kawaida anaujua upande mmoja tu, huo wa pili wa kibanja na wajukuu unaujua wewe.

Alafu kuna jambo la dripu. Watu wetu tunapenda dripu, tusidanganyane, mtu akitoka kliniki bila kutundikiwa maji anaona kaibiwa pesa. Na ilionekana ina akili, mtoto mwenye homa kali amezimia, mikono baridi, damu haizunguki vizuri, mjaze maji haraka kwenye mshipa. Madaktari dunia nzima walifundishwa hivo. Basi ukafanyika utafiti hapa Uganda, Kenya na Tanzania, kwetu ilikua Mulago, Mbale, Soroti na Lacor, matokeo yakatoka 2011, watoto 3,141 wenye homa kali na dalili za mzunguko wa damu kuwa dhaifu. Waliojazwa maji kwa haraka walifariki kama 10.5 katika mia ndani ya masaa 48. Ambao hawakujazwa haraka, 7.3. Maana yake kitu ambacho kila mtu aliamini kinaokoa kilikua kinaongeza vifo vitatu katika kila watoto mia, na utafiti ukasimamishwa kabla haujaisha. (Watoto wa kuharisha hawakuwemo, kwa hiyo mtu asinyime mtoto anayeharisha maji akisema alinisoma mimi.) Tangu nilipojua hilo, daktari akisema "hatuna la kuongeza hapo, tumwangalie" siruki juu kama zamani. Kutofanya nako kuna pasenti yake, inabidi uiulize, sababu ukiambiwa "na hii tiba 60 katika mia wanapona" na hujui bila tiba wanapona wangapi, hujaambiwa kitu bado. Labda bila tiba ni 58.

Na namna ya kusema namba nayo inatuchezea akili. Kuna jaribio moja la Marekani lililochapishwa 1982, wakawauliza watu wachague kati ya upasuaji na mionzi kwa kansa ya mapafu. Kundi moja likaambiwa kwa lugha ya kuishi: wakipasuliwa watu mia, 90 wanatoka salama, baada ya mwaka wako hai 68, baada ya miaka mitano 34. Wa mionzi wote mia wanatoka salama, mwaka mmoja wapo 77, miaka mitano 22. Kundi lingine wakapewa namba hizo hizo kwa lugha ya kufa, yani katika upasuaji 10 wanakufa pale pale, na kuendelea. Waliosikia "kufa" wakakimbia upasuaji wengi zaidi kuliko waliosikia "kuishi". Na waliokua wanajibu sio wagonjwa tu, walikuwemo wanafunzi wa biashara na madaktari wenyewe, na nao waliyumba. Kwa hiyo ukipewa namba igeuze. Ukiambiwa 90 wanaishi, jiambie kwa sauti 10 wanakufa, uone kama moyo bado umekaa pale pale.

Angalia tena hizo namba za mapafu lakini, sababu mimi nikiziona naona kitu kingine kabisa. Mwaka wa kwanza mionzi inashinda, 77 kwa 68. Mwaka wa tano upasuaji unashinda, 34 kwa 22. Nani kashinda? Inategemea una haraka gani. Baba mwenye mtoto wa darasa la kwanza anaweza kusema nipasueni, nataka hiyo miaka mitano, bahati yangu nitaijaribu. Bibi wa miaka 80 ambaye mwanae anarudi Disemba kutoka Qatar baada ya miaka sita anaweza kusema hapana, mimi nataka Disemba. Wote wako sawa na hakuna profesa wa kuwasahihisha.

Mambo ya ushuhuda nitayapita haraka. Mganga wa redioni analeta watu watatu waliopona, na hao watatu labda ni wa kweli kabisa, ila waliokufa hawapigi simu studio.

Sasa mtu atasema haya ni mazuri kwa wenye muda, huku kwetu umepanga foleni toka saa kumi na moja alfajiri na musawo ana dakika tano na wagonjwa hamsini nje. Ni kweli, na ukimuuliza daktari kwa ukali anaona unamdharau, wazee wetu ndio kabisa, wanaona kuuliza ni kukosa adabu. Mimi nimejifunza kuuliza kwa heshima na kwa sentensi moja ndefu niliyoiandika kwenye simu kabla sijaingia: samahani daktari, ukichukua wagonjwa mia kama huyu mzee, umri huu na ugonjwa ulipofika, wakipewa hii tiba wangapi wataweza kufanya kitu fulani baada ya mwaka, na wasipopewa wangapi. Sema "watu mia", usiseme pasenti, sababu ukisema watu mia ata daktari mwenyewe anaanza kuwaona watu. Na nimeona pia kwamba wengi hawachukii, ila wanashtuka kidogo, kisha wanakaa vizuri. Kuna mmoja aliniambia tu "kwa kweli namba kamili ya hapa kwetu sina, lakini kwa uzoefu wangu wachache." Hilo nalo ni jibu, na ni bora kuliko 70 ya kubuni.

Basi turudi kwa mjomba. Wakati tunachanga ya stenti akatokea dalali mmoja, hawa wanaounganisha wagonjwa na hospitali za India, akasema huko wanapasua na kutoa umio wote, wanafaulu pasenti 80. Shangazi akataka kibanja cha mjomba kiuzwe wiki ile ile. Tukampigia yule dalali tumekaa sebuleni simu ikiwa kwenye spika, nikamuuliza 80 ya nini. Akasema ya operesheni. Nikamuuliza ya wagonjwa ambao kansa imefika kwenye ini au ambao bado iko kwenye umio peke yake. Kimya. Akasema nitumie ripoti nitauliza, na hakupiga tena. Kumbe daktari wetu alikua ameshasema, ikishafika kwenye ini kumtoa umio hakumponyi mtu, tulikua tumesikia ila hatukutaka.

Mtu pekee aliyeuliza swali la maana toka mwanzo alikua mjomba mwenyewe, na sisi tulicheka. Siku ya kusaini fomu alimuuliza daktari, "Mkiniwekea hiyo kitu, nitakula ngege?" Daktari akasema ndio mzee, toa miiba yote, vipande vidogo, utafune mpaka ulainike, unywe kitu juu yake, ata soda ni sawa inasaidia kusukuma. Nyama ngumu usijaribu. Mjomba akasema leta hiyo kalamu.

Alikula samaki miezi mitano. Sio wengi, na polepole, na kilo hazikurudi, ila alikaa mezani na watu. Kibanja hakikuuzwa, mke wake amepanda mihogo. Mwezi wa sita uvimbe ukaota kupita juu ya stenti, kitu ambacho hutokea, njia ikafunga tena, tukarudi korido ile ile na daktari yule yule. Akasema tunaweza kuweka nyingine ndani ya ile ya kwanza. Kabla sijafungua simu yangu kutafuta ile sentensi, shangazi wa Tororo akamshika daktari mkono wa koti akasema mwanangu samahani, watu mia kama kaka yangu, walivyo hivi leo, mkiwawekea ya pili, wangapi watakula, na kwa muda gani?

Daktari akaweka faili chini. Akasema mama, wengi watakula tena, lakini nyie hesabuni wiki, msihesabu miezi.

Shangazi akageuka kumwangalia mjomba. Mjomba akauliza kama wanaweza kuifanya kesho asubuhi, maana leo ashachoka.